TANGAZO LA UKUTANI NI LA KILA MPITA NJIA

Mazungumzo ya ofisi ya elimu ya watu wazima na wanakisomo pamoja na vijana wa kikundi cha gwaride, Jangwani, Dar es Salaam. Tunayachapa hapa ili wasomaji wetu wa vijijini nao wayatumie katika vikundi vyao.



Leo tuna jambo moja tu la kuzungumza, nalo ni tangazo la ukutani. Vijana wetu wa hapa Jangwani wana kikundi cha gwaride. Wanapiga ngoma na kutembea kwa hatua moja. Mbele yao wapo wasichana na wavulana wanaozungusha fimbo. Fimbo inatupwa juu, inazunguka hewani, na mwenyewe anaidaka bila kupoteza hatua. Sasa wanataka kufanya onyesho. Watu waje, walipe kiingilio kidogo, kikundi kipate fedha za ngozi za ngoma na viatu. Wametuomba tuzungumze nao namna ya kutengeneza tangazo linalovuta macho.

Pengine mtauliza, mambo ya gwaride na mambo ya kisomo yanahusiana wapi? Yanahusiana sana. Mtu akimaliza kisomo, andiko analokutana nalo kwanza nje ya darasa si kitabu. Ni tangazo. Analiona dukani, kwenye mti, kwenye ukuta wa zahanati, kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Hapo hakuna mwalimu wa kumsaidia. Akilisoma na kulielewa, anaondoka na furaha. Akilishindwa, anajisemea moyoni, "Kumbe bado sijui kusoma." Kesho hasimami tena kusoma. Hivyo ndivyo kusoma kunavyopotea, kama jembe linaloachwa nje hadi likaliwa na kutu.

Lakini ndugu zetu, mara nyingi kosa si la msomaji. Kosa ni la aliyeandika. Ndiyo maana leo tumewaita wanakisomo na vijana wakae pamoja. Vijana ndio watakaochora. Wanakisomo ndio watakaopima.

GWARIDE LETU SI GENI

Kwanza tuseme neno kuhusu mchezo wenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani ni mambo ya kuiga tu. Mchezo wa kuzungusha na kurusha fimbo unapendwa sana Marekani, na una mashindano yake ya dunia. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika katika mji wa Seattle, Marekani, mwaka 1980.

Lakini watu wa pwani yetu walikwishapenda gwaride na bendi muda mrefu kabla ya hapo. Wazee wanaikumbuka ngoma ya Beni. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yaani mwaka 1914 hadi 1918, na baada yake, vyama vya Beni vilikuwa na nguvu sana hapa Dar es Salaam. Viwili vilivyojulikana zaidi viliitwa Marini na Arinoti. Walivaa sare, walipeana vyeo vya kijeshi, walitembea kwa hatua za askari, na walishindana nani apendeze zaidi. Askari na wapagazi waliichukua ngoma hiyo wakaifikisha mbali, hadi Malawi na Zambia. Na jina la Kariakoo, hapa jirani, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapa wakati wa vita hiyo.

Kwa hiyo vijana wetu wanaendeleza kitu chenye mizizi. Lakini lipo tatizo. Mdundiko ukipita mtaani hauhitaji tangazo. Matarumbeta ya harusi hayahitaji tangazo. Sauti yenyewe huwatoa watu ndani. Fimbo haina sauti. Uzuri wake unaonekana kwa macho tu. Basi tangazo la fimbo lazima lifanye kazi kwa macho.

TANGAZO LA KWANZA LA VIJANA

Vijana walikuja na tangazo walilokwisha lichora. Tulilibandika ukutani, tukawaomba wanakisomo walitazame kwa muda mfupi, kama mtu apitaye njia, kisha waseme walichokiona.

Juu kabisa palikuwa na salamu ndefu. Chini yake majina ya wachezaji wote, kumi na wanane. Kisha maneno ya shukrani kwa wafadhili. Kisha maelezo ya historia ya kikundi. Tarehe ilikuwa chini kabisa, kwenye pembe, kwa herufi ndogo. Katikati palikuwa na picha ya kijana aliyeinua fimbo juu ya kichwa chake, na mbele yake watu wengi.

Mama mmoja wa kisomo aliitazama picha ile, akauliza, "Huyu anampiga nani?"

Watu walicheka. Vijana wakaona haya. Lakini mama yule alisema kweli. Mtu aliyeinua fimbo mbele ya kundi la watu, kwa macho ya sisi sote, ni mtu anayetaka kupiga. Pengine ni ugomvi, pengine ni askari anatawanya watu. Mchoraji alijua moyoni mwake kwamba ile ni fimbo ya gwaride. Mpita njia haoni kilichomo moyoni mwa mchoraji. Anaona karatasi tu.

Mzee mwingine alisoma vizuri kabisa mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Tulipomwuliza onyesho ni siku gani, hakujua. Alikuwa hajafika huko, na macho yamechoka.

Basi tukaanza upya, hatua kwa hatua.

TUJIFUNZE KWA KANGA

Wapo watu wanaodhani kupanga tangazo ni kazi ya mafundi waliosoma sana. Hapana! Kila nyumba yetu ina mwalimu wa kazi hiyo. Mwalimu huyo ni kanga.

Itazame kanga. Ina sehemu tatu. Pindo huzunguka pande zote nne. Mji uko katikati, ndiyo picha au ua lenyewe. Jina ni maneno machache yaliyoandikwa chini ya mji. Ukipita Mtaa wa Uhuru penye maduka ya kanga, macho hukamatwa kwanza na mji na rangi. Ukisogea, unasoma jina. Jina likikugusa, unaingia dukani kununua doti.

Tangazo zuri ni hivyo hivyo. Picha hukamata jicho kutoka mbali. Maneno machache humpa mtu habari akisogea. Na pindo, yaani nafasi tupu ya pembeni, hulitenga tangazo letu na matangazo mengine yaliyobandikwa ubavuni. Hebu fikirini kanga yenye jina la mistari kumi na tano. Nani angeinunua?

MJI: PICHA MOJA TU

Kanuni ya kwanza: picha iwe moja, na iwe kubwa.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limebaki, na michoro ya namna yake inauzwa duniani kote. Alitumia vipande vya ubao mwembamba na rangi za kung'aa za kupakia vitu kama baiskeli. Mara nyingi alichora mnyama mmoja akajaza ubao karibu wote, na nyuma yake akapaka rangi tupu. Ukiona mara moja, hutasahau.

Mbali na hapa, huko Ufaransa, mwaka 1891, Henri de Toulouse-Lautrec alichora tangazo la ukumbi wa ngoma wa Moulin Rouge mjini Paris. Katikati alimweka mwanamke mmoja anayecheza, ameinua mguu. Watazamaji nyuma yake akawapaka weusi kama vivuli. Jicho haliendi kwingine, linakwenda kwa mchezaji. Tangazo lile lilimpatia mchoraji sifa, na mpaka leo linatazamwa.

Watu hawa wawili hawakuonana kamwe. Lakini wote walijua kwamba ukionyesha vitu kumi, mtu haoni hata kimoja.

Sasa turudi kwenye fimbo yetu. Tufanyeje ili isifanane na fimbo ya ugomvi? Tulijadili, na wanakisomo wakatoa mawazo haya:

Fimbo isiwe mkononi. Iwe hewani, juu ya kichwa cha mchezaji, mikono yake iko wazi inaingojea. Anayepiga hatupi fimbo hewani.

Fimbo ichorwe imelala mshazari, na mistari miwili mitatu iliyopinda kuonyesha kwamba inazunguka. Ncha zake ziwe na vidoto vya mviringo kama ilivyo kweli.

Mchezaji atabasamu, na uso wake utazame juu kwenye fimbo. Jicho letu hufuata jicho la aliye kwenye picha. Yeye akitazama fimbo, na sisi tutaitazama.

Avae sare ya kikundi. Ngoma moja ionekane kando ya mguu wake. Ngoma inasema "mchezo", haisemi "vita".

Vijana walichora upya palepale ubaoni kwa chaki. Tukamwita yule mama tena. Akasema, "Ahaa, anacheza!" Basi picha ikapita.

JINA: MANENO MACHACHE YENYE HABARI KAMILI

Kanuni ya pili: maneno yajibu maswali matano. Ni nini? Ni nani? Ni lini? Ni wapi? Ni kiasi gani? Neno lisilojibu swali mojawapo kati ya hayo lifutwe.

Kumbukeni kampeni za elimu za zamani. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya afya kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma. Iliitwa "Mtu ni Afya". Mwaka 1975 ikaja kampeni ya lishe, "Chakula ni Uhai". Hesabuni maneno. Matatu na matatu! Watu wazima karibu milioni mbili walishiriki kampeni ile ya mwaka 1973. Hata leo wazee hawajalisahau jina lake.

Majina ya wachezaji kumi na wanane tulifanyaje? Hapa palikuwa na mabishano kidogo. Kijana mmoja alisema, "Mama yangu atafurahi kuliona jina langu ukutani." Ni kweli, na furaha ya mama si jambo dogo. Lakini tangazo si daftari la mahudhurio. Tulikubaliana majina yaandikwe kwenye karatasi nyingine, ibandikwe mlangoni siku ya onyesho. Hapo watu watakuwa wametulia, na kila mama atalisoma jina la mwanawe.

Maneno yaliyobaki yalikuwa haya:

FIMBO HEWANI!
Onyesho la gwaride la vijana
Siku ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti
Saa 9 alasiri
Uwanja wa shule
Watoto bure. Wakubwa shilingi 1,000

Ndugu zetu, utazameni vizuri mstari wa saa. Hapa watu wengi hupotea. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Wengine, hasa kwenye kompyuta na simu, huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ukienda kuchapisha tangazo lako kwenye duka la steshenari, fundi anaweza kuandika 3:00. Msomaji wetu ataona tatu. Atakuja saa 3 asubuhi na mkewe na watoto, atakuta uwanja mtupu, atarudi nyumbani amekasirika. Kumbe aliyeandika alikuwa na maana ya saa 9 alasiri! Basi siku zote andikeni saa kwa Kiswahili, na mbele yake andikeni asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku.

Ukitaja siku ya wiki pamoja na tarehe, kwanza fungua kalenda uhakikishe. Tangazo linalosema Jumamosi na kumbe tarehe hiyo ni Ijumaa huvunja onyesho zima.

HERUFI

Herufi za kichwa cha tangazo ziwe kubwa kuliko zote. Kuna kipimo rahisi. Herufi yenye kimo cha sentimita 2 na nusu husomeka kwa raha kutoka mita 3 hivi. Ukitaka mtu alisome kutoka mita 10, ng'ambo ya barabara, herufi ziwe na kimo cha sentimita 8 hivi. Kwa hiyo kichwa chetu "Fimbo hewani!" kiwe na herufi za sentimita 8, na tarehe isipungue sentimita 4.

Kichwa kifupi kinaweza kuandikwa kwa herufi kubwa tupu. Lakini mistari mingine iandikwe kwa herufi ndogo, kama vitabu vya kisomo. Msomaji mpya amezoea umbo la neno katika herufi ndogo. Ukimwandikia mistari sita ya herufi kubwa tupu, anarudi kusoma herufi moja moja kama siku ya kwanza.

Msitie herufi mapambo, mikia na vivuli. Siku hizi kompyuta ina herufi za kila namna, na fundi atawauliza mnataka ipi. Mwambieni, "Tupe ile ya kawaida, nene." Na msikate neno katikati kwa sababu karatasi imekwisha. Kabla ya kutia rangi, pigeni mistari kwa penseli na rula, andikeni kidogo kidogo kwa penseli mwone kama maneno yanaenea. Mistari hiyo mtaifuta baadaye.

RANGI

Rangi si mapambo tu. Kwanza, rangi ndiyo inayofanya herufi zionekane. Nyeusi juu ya njano huonekana mbali sana. Bluu iliyokoza juu ya nyeupe huonekana vizuri. Lakini njano juu ya nyeupe hupotea juani. Nyekundu juu ya kijani nayo ni mbaya. Zina ukali uliokaribiana, zinachosha macho, na tena wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Rangi mbili au tatu zinatosha.

Pili, rangi zina maneno yake kabla hata hujaandika. Vijana walitaka kijani na njano, kwa sababu zinang'aa. Mzee mmoja akawaambia, "Hapa Jangwani? Watu watajua ni tangazo la Yanga." Alisema kweli. Klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina jengo lake hapa, na rangi zake zinajulikana hata na mtoto mdogo. Wengine wangedhani ni mkutano wa chama cha siasa. Kijana mwingine akasema, "Basi tutie nyekundu na nyeupe." Watu wakapiga kelele, "Hiyo ni Simba!" Na Simba nayo iko Mtaa wa Msimbazi, si mbali. Nusu ya watu wasingekuja kwa sababu ya hasira tu.

Mwishowe walichagua bluu iliyokoza juu ya karatasi nyeupe, na fimbo peke yake ikapakwa rangi ya machungwa. Kwa kuwa rangi hiyo haipo mahali pengine popote kwenye karatasi, jicho linakwenda kwenye fimbo moja kwa moja.

Ninyi wa vijijini nanyi mjiulize: katika kijiji chetu, rangi hii ni ya nani? Ina maana gani kwa watu wetu?

UKWELI NA HESHIMA

Tangazo ni ahadi iliyoandikwa. Ukisema kwa mdomo, unaweza kukana. Ukiandika, karatasi iko ukutani, watu wanaisoma. Ukiandika "watoto bure", mtoto asidaiwe hata senti mlangoni. Usiandike kwamba bendi fulani maarufu itakuwepo kama haijakubali. Mtu aliyedanganywa na tangazo mara moja hatasoma la pili. Hapo umemharibia msomaji na umeharibu elimu yenyewe.

Upande wa heshima, wazazi kadhaa walikuwa na wasiwasi. Mama mmoja alisema, "Binti yangu namruhusu kucheza, lakini sitaki sura yake ibandikwe kila nguzo, watu wamseme." Tuliona neno lake ni la haki. Tangazo linakaa mtaani mchana na usiku, na mtu yeyote anaweza kulichora masharubu au kuliandika matusi. Basi tulikubaliana mambo mawili. Picha iwe ya kuchora, isiwe sura ya msichana fulani anayejulikana. Na nguo za mchezaji kwenye picha ziwe zile zile za sare wanayovaa kweli, zisipunguzwe ili kuvuta macho. Kikitaka kutumia picha ya kamera, kikundi kimwombe ruhusa mwenyewe, na kama ni mtoto, kimwombe mzazi wake pia.

Vijana wengine walinung'unika kwamba picha ya kamera inapendeza zaidi. Lakini yule binti mwenyewe, aliyekuwa amekaa nyuma, alisema kwamba mama yake akiridhika, yeye atafanya mazoezi bila hofu. Mabishano yakaisha.

VIFAA NA MAHALI PA KUBANDIKA

Vifaa si vya gharama kubwa. Karatasi ya manila, penseli, rula, maka peni mbili nene, na rangi ya maji. Gundi mnaweza kuipika nyumbani. Chukueni unga wa ngano au wa muhogo, ukorogwe kwenye maji baridi, kisha upikwe hadi uwe uji mzito usio na madonge. Ukipoa, pakeni nyuma ya karatasi. Matangazo machache yaliyochorwa vizuri kwa mkono ni bora kuliko mengi yasiyosomeka. Moja likishakamilika, mnaweza kulipiga picha kwa simu na kuwapelekea ndugu walio mbali.

Msibandike ovyo. Mnajua nguzo za umeme za mjini zilivyojaa matangazo ya waganga kutoka kila pembe ya nchi, moja juu ya jingine. Tangazo lililobandikwa humo limezikwa. Tena nguzo na kuta zina wenyewe. Nendeni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, mwombe kibali. Kisha mwombeni mwenye ukuta. Mwenye duka akiombwa kwa adabu, huwa mlinzi wa tangazo lenu.

Chagueni mahali watu wanaposimama, si mahali wanapokimbia. Penye bomba la maji, kituo cha basi, mashine ya kusaga, kilinge cha kahawa, zahanati, lango la soko. Mtu anayesubiri ana nafasi ya kusoma. Libandikeni usawa wa macho ya mtu mzima. Libandikeni siku kumi au kumi na nne kabla ya onyesho. Likikaa mwezi mzima, linageuka sehemu ya ukuta, hakuna anayeliona.

Mfikirie mvua pia. Sisi wa Jangwani tunalijua Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 hatujayasahau, na mara nyingi mvua kubwa imefunga Barabara ya Morogoro hapa bondeni. Onyesho likiwa katika miezi ya masika au vuli, ongezeni mstari mmoja: mvua ikinyesha, tutakutana wapi au siku gani. Tangazo lenyewe lifunikwe kwa nailoni.

Na kazi ikiisha, kesho yake rudini mkayabandue yote. Tangazo la onyesho lililopita hudanganya watu, na huchafua mtaa.

KIPIMO CHA MWISHO

Ndugu zetu, tumalizie kwa kipimo ambacho hakina gharama. Kabla ya kulitoa tangazo nje, watafuteni watu watatu wasio wa kikundi. Mmoja awe msomaji mpya wa kisomo. Mmoja awe mzee ambaye macho yake si makali. Mmoja awe mtu asiyejua kusoma kabisa. Wasimame hatua kumi kutoka ukutani. Msiwaeleze lolote.

Yule asiyejua kusoma mwulizeni, "Hapa kuna habari ya nini?" Akisema mchezo, picha yenu ni nzuri. Wengine wawili waulizeni siku, saa, mahali na kiingilio. Wakikosea jambo, msiwasahihishe wao. Sahihisheni karatasi.

Tunalisisitiza hilo kwa sababu ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Wenye elimu kubwa hawafai sana kupima tangazo. Wao husoma lolote, hata lililoandikwa vibaya. Mizani ya kweli ni ninyi wanakisomo. Yule mama aliyeuliza "Huyu anampiga nani?" alilisaidia kundi zima la vijana kuliko fundi yeyote wa uchapaji. Msione haya kusema "sielewi". Neno hilo ni mchango wenu. Aliyeandika ndiye anayepaswa kulifanyia kazi.

Vijana, nendeni mkachore. Wanakisomo, nendeni mkapime. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tafuteni tangazo moja lililobandikwa kijijini kwenu. Je, linajibu yale maswali matano? Ni lipi limekosekana?

2. Saa iliyoandikwa kwenye tangazo hilo ni ya Kiswahili au ya Kizungu? Mmejuaje?

3. Kikundi chenu cha ngoma, cha kwaya au cha michezo kikitaka kutangaza onyesho, mtachora picha gani moja? Je, picha hiyo inaweza kufahamika vibaya?

4. Katika kijiji chenu ni wapi watu husimama na kusubiri? Nani mwenye ukuta wa hapo?

5. Andikeni tangazo lenu kwa maneno yasiyozidi ishirini na tano, kisha mlipime kwa watu watatu kama tulivyoeleza.